Kelele Huuzwa Dukani, Faini Hulipwa Barabarani

Ugomvi juu ya pikipiki zenye kelele umekuwa na mwendo mmoja katika miji yetu, na Sumbawanga haikusalimika. Wananchi hulalamika kwamba hawapati usingizi. Kiongozi mmoja husimama na kutoa tamko kali. Askari wa usalama barabarani huanza msako, vijana hukamatwa vijiweni, faini hulipwa, na kabla ya mwezi kwisha mji hurejea katika ngurumo zake kana kwamba hakuna lililotendeka. Kisha wananchi hulalamika tena. Mchezo huu una washindi na washindwa wanaojulikana, na la kustaajabisha ni kwamba muuzaji wa kelele zenyewe hatajwi kamwe.

Nasema muuzaji kwa sababu kelele hizi ni bidhaa. Huingia nchini ndani ya maboksi, hupita forodhani, hutundikwa kwenye kuta za maduka ya spea, na hununuliwa mchana kweupe. Bomba fupi linalong'aa, lisilo na chochote ndani yake isipokuwa uwazi, halina kazi nyingine chini ya jua ila kupaza sauti. Anayeliingiza anajua. Anayeliuza anajua. Anayelikagua angejua kama angelitazama. Lakini sheria yetu hulala usingizi wa pono muda wote huo, na huamka siku bomba hilo linapofungwa kwenye pikipiki kuukuu ya kijana wa Katandala.

Hoja yangu ni moja, nami naiweka wazi mapema ili msomaji asipate taabu ya kuitafuta. Dola iache kuwinda ekzosi barabarani na ianze kuizuia dukani; na pale inapolazimika kumkagua mwendeshaji, imtofautishe aliyebadili bomba kwa sababu la zamani limeoza na aliyelikata ili asikike.

Tuanze na tofauti hiyo, maana ndiyo inayopuuzwa. Ekzosi ya pikipiki huoza. Petroli inapoungua hutoa mvuke wa maji, na mvuke huo ukikuta chuma cha baridi hugeuka kuwa matone. Pikipiki inayokwenda safari ndefu hulipasha bomba moto hadi maji yote yakakauka; pikipiki ya abiria inayotoka Izia hadi sokoni, ikazimwa, ikawashwa tena baada ya robo saa, haipati joto hilo. Ufipani, katika uwanda ulioinuka hadi kukaribia mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, penye asubuhi za Juni na Julai zinazouma vidole, maji hayo hubaki ndani ya sailensa na kukila chuma kutokea ndani. Mwenye pikipiki huona rangi ya nje ingali nzuri hadi siku upande wa chini unapotoboka. Kuta za ndani, ambazo kazi yake ni kuugawa moshi na kuupunguzia sauti, hulegea, zikaanza kulia kama njuga, kisha zikameguka. Pikipiki ya miaka minane au kumi, iwe SanLG, Boxer, au ile Honda ya zamani iliyowahi kuwa ya afisa ugani, ni nadra kuepuka hatima hiyo.

Mwenye pikipiki kama hiyo ana hitaji la haki. Anahitaji bomba jipya. Bomba la kiwandani la muundo wa zamani huenda halipatikani tena, au bei yake hailingani na thamani ya pikipiki yenyewe. Kwa hiyo anakwenda kwa fundi wa kuchomelea, au ananunua la kampuni nyingine linaloweza kuingia. Huyu hakuasi sheria yoyote ya maana. Amefanya kile ambacho watu wa nchi maskini wamelazimika kukifanya kwa kila mashine kuukuu iliyowafikia. Wa pili ana ekzosi nzima, lakini ameikata sailensa au amezitoa kuta zake ili mji mzima umsikie akipita. Mbele ya askari wa barabarani, wote wawili ni wakosaji wa kosa moja: ekzosi isiyo ya kiwandani. Kwa kuwa kipimo ni sikio la askari, na sikio la askari halina namba, aliyetengeneza kwa uaminifu hana namna ya kujitetea. Na pale ambapo raia hana namna ya kujitetea mbele ya mtu mwenye kitabu cha faini, sote twajua kinachofuata.

Kabla hatujamlaumu huyo wa pili, tumwelewe. Kumwelewa si kumtetea. Wengi wa vijana wa bodaboda huanza kwa pikipiki ya mtu mwingine. Kila jioni humpelekea tajiri hesabu yake, mvua inyeshe, jua liwake. Wengine huingia mkataba: watapeleka hesabu ya kila siku kwa mwaka mzima au zaidi, kisha pikipiki pamoja na kadi yake vitakuwa mali yao. Muda wote wa mkataba kijana hana ruhusa ya kubadili hata kioo. Siku anapokabidhiwa kadi, chombo kimekwisha kuchoka. Lakini ni chake, na pengine ndicho kitu cha kwanza cha thamani maishani mwake ambacho hakuna mtu mwingine mwenye amri juu yake. Anataka kukitia alama. Mwenye nyumba hupaka rangi, mwenye duka hutundika kibao. Yeye hununua sauti. Wapo wanaomrushia methali ya debe tupu. Methali hiyo huwastarehesha wanaoisema, lakini hapa haielezi lolote. Kijana huyu si debe tupu. Amelipa kwa mwaka mzima deni ambalo wengi wetu wenye mishahara tungelikimbia, na sasa anataka ijulikane kwamba amelimaliza.

Ubaya ni kwamba fahari hiyo anauziwa kwa uongo.

Uongo wenyewe ni huu: fungua ekzosi, injini itapumua, utapata nguvu. Katika uwanda wa Ufipa maneno hayo hupata waumini upesi kwa sababu yamejengwa juu ya chembe ya ukweli. Pikipiki za huku kweli ni nzito. Chanzo chake ni hewa. Katika mwinuko wa Sumbawanga hewa imepungua kwa karibu asilimia 20 ikilinganishwa na ile ya pwani, na injini ya kawaida ya bodaboda hupoteza nguvu kwa kadiri iyo hiyo. Iliyoandikwa kuwa na nguvu za farasi 11 huku juu hubakiwa na kama 9. Kabureta nayo haijui kwamba hewa imepungua. Inaendelea kumimina petroli kana kwamba iko Dar es Salaam. Matokeo yake injini hukoroma, plagi hushika masizi, na mafuta huliwa bure.

Kijana anauhisi uzito huo, anaambiwa kwamba pumzi ya injini imezibwa, anafungua bomba. Je, nguvu hurudi? Hairudi, kwa kuwa iliyopungua ni hewa inayoingia, na bomba liko upande wa kutokea. Tena injini ndogo ya namna hii imepimwa pamoja na bomba lake. Urefu wa bomba, upana wake na vyumba vya sailensa huamua jinsi mawimbi ya msukumo yanavyorudi kwenye valvu na kusaidia kuisafisha silinda. Waundaji hupanga mambo hayo ili injini ivute vizuri katika mzunguko wa chini na wa kati, maana huko ndiko pikipiki ya kazi inakoishi. Ukilikata bomba umeuvuruga mpango huo. Mara nyingi kinachopotea ni ule mvuto wa chini anaouhitaji mtu aliyebeba abiria na gunia la mahindi. Anachopata ni mngurumo, na mngurumo huidanganya akili: chombo kinachonguruma kama kinakwenda kasi, aliyekipanda huamini kwamba kinakwenda kasi.

Dawa ya kweli ya uzito wa uwandani ipo, tena ni ya kawaida. Kichujio cha hewa kisafishwe. Valvu zirekebishwe. Kabureta ipewe jeti ndogo kidogo kuliko ya kiwandani, inayolingana na hewa ya huku, kisha isomwe rangi ya plagi: nyeusi yenye masizi ni dalili ya mafuta mengi, nyeupe kama chokaa ni mafuta machache, na ya udongo mkavu ni sawa. Anayebeba mizigo afunge sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi, apate mvuto kwa kupoteza kasi kidogo. Kazi zote hizi hazipigi kelele, na ndiyo maana hazina mtangazaji.

Kuna madhara makubwa kuliko kukosa nguvu. Mkoa wa Rukwa si tambarare moja. Ukiondoka Sumbawanga kupitia Ntendo, barabara huporomoka katika Lyamba lya Mfipa hadi Muze na bonde la Ziwa Rukwa, lililo karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari. Upande mwingine, barabara ya Matai huteremka hadi Kasanga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, karibu kimo hicho hicho. Katika safari moja mwendeshaji hushuka kiasi cha mita 1,000, na hewa inayomlaki huko chini ni nzito zaidi. Pikipiki ambayo jeti yake imepunguzwa ili iende sawa huku juu, na juu ya hayo bomba lake limefunguliwa, ikifika bondeni hukosa mafuta ya kutosha kulingana na hewa inayoivuta. Mchanganyiko mwembamba huwaka kwa joto kali. Na ni kutoka huko bondeni, pengine na magunia ya mpunga wa Mtowisa mgongoni, ndiko injini inakotakiwa kuupanda mlima mrefu kwa gia ndogo, bila upepo wa kuipoza. Valvu ya kutolea moshi huungua, pistoni hukwama. Ndiyo maana fundi mwaminifu humuuliza mteja anafanya kazi wapi kabla hajaigusa kabureta, na hataki kabisa kusikia habari za bomba tupu. Muuzaji wa bomba hamuulizi mteja swali lolote, na siku injini inapokufa Kizungu mlimani atasema pikipiki ilikuwa imezeeka.

Inaumiza zaidi kwamba uongo huu unauzwa katika nchi ya wahunzi. Wafipa walifua chuma kwa ustadi uliowashangaza wageni. Malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambayo mabaki yake yangali yakionekana uwandani, yalifikia kimo cha karibu mita 3, nayo yalijivutia hewa yenyewe kupitia matundu ya chini, pasipo mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa baadaye katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, hili likipulizwa kwa mivukuto. Wasomi, akiwamo mwanaakiolojia wa Kitanzania Bertram Mapunda, wameuchunguza ufundi huo na kuuandikia. Kimo cha tanuru na matundu yake vilikuwa hesabu. Aliyekosea aliteketeza mkaa na kuambulia mavi ya chuma. Watu waliojua kuiongoza hewa namna hiyo wasingemsikiliza mchuuzi anayewaambia kwamba njia ya moshi ni tundu tu, na kwamba kadiri lilivyo wazi ndivyo lilivyo bora. Wenyeji hulifasiri jina la Sumbawanga kuwa ni amri ya kuutupa uchawi. Basi na uchawi huu wa bomba la kuongeza nguvu utupwe.

Nitajibiwa kwamba kelele huokoa maisha: dereva wa lori ambaye haioni pikipiki ataisikia. Hoja hii ina umaarufu duniani kote, na ni dhaifu duniani kote. Mdomo wa bomba umeelekea nyuma, ilhali hatari kubwa kwa mwendesha pikipiki hutoka mbele na ubavuni, kwa gari linalokata barabara mbele yake au linalotokea kwenye njia ya pembeni. Dereva aliyefunga vioo na kufungulia redio huisikia ngurumo wakati pikipiki imekwisha kumfikia. Vitu vinavyomfanya mtu aonekane vinajulikana na ni vya bei nafuu: taa inayowashwa mchana na usiku, honi inayofanya kazi, koti lenye kung'aa. Inastaajabisha kuona pikipiki iliyofungwa bomba la fedha nyingi ikipita usiku barabara ya Tunduma bila taa ya nyuma. Anayesema amelinunua kwa ajili ya usalama aanze kutueleza hilo.

Nitajibiwa pia kwamba hayo ni mambo ya ujana, na kwamba wazee wamezidi kununa. Sikio, hata hivyo, halina umri wa kununa. Desibeli hazipandi kama namba za kawaida: zikiongezeka 10, mtu husikia kana kwamba sauti imekuwa maradufu. Wataalamu wa afya kazini huhesabu desibeli 85 kuwa ukomo wa mtu anayefanya kazi saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hugawanywa kwa mbili. Kwa hesabu hiyo, kwenye desibeli 100 mtu anaruhusiwa dakika 15. Pikipiki iliyotolewa sailensa inaweza kuupita ukomo huo, na anayekaa karibu nayo kuliko watu wote, tangu alfajiri hadi usiku, ni mwendeshaji mwenyewe. Wa kwanza kuibiwa usikivu wake ni huyo huyo tunayemwita msumbufu. Akifika miaka 40 ataanza kuwauliza abiria mara mbili wanakokwenda, na hakuna atakayemlipa fidia.

Baada yake wapo wengine. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza kelele za barabarani nyakati za usiku zisizidi wastani wa desibeli 45. Sisemi kwamba Majengo au Chanji zinaweza kufikia kiwango hicho kesho. Nasema kwamba usingizi ni haja ya mwili hata kwa asiye na nyumba ya vioo viwili. Nyumba zetu nyingi zimeezekwa kwa bati na madirisha yake hayazuii hata vumbi. Mgonjwa aliyelazwa, mama aliyejifungua jana, mwanafunzi wa kidato cha nne anayejisomea usiku, mlinzi anayelala mchana: hawa hawana pa kukimbilia. Mwenye nyumba ya ukuta mrefu pembezoni mwa mji anaweza kununua ukimya. Kelele za mtaani ni mzigo ambao maskini humtwisha maskini mwenzake, huku aliyeuza bomba akilala kwake salama.

Sasa tuitazame sheria. Hatuna upungufu wa maandishi. Tuna Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za mwaka 2015 zinazoweka viwango vya kelele na mitetemo. Tunalo Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambalo limekwisha kuonyesha kwamba likitaka linaweza kufunga baa zinazokesha na muziki. Tunalo Shirika la Viwango, lenye mamlaka ya kuzuia bidhaa isiyofaa kabla haijafika rafuni. Kinachokosekana ni nia ya kuvuta kamba kutoka upande wake mzito.

Katika bajeti ya mwaka wa fedha 2021/22 serikali iliishusha faini ya makosa ya barabarani kwa pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Ilikuwa hatua ya kiutu, nami niliiunga mkono. Lakini faini ndogo inayotozwa mara kwa mara hugeuka kuwa ada. Anayependa kelele huihesabu miongoni mwa gharama zake za mwezi, pamoja na oili na pancha, kisha anaendelea kunguruma akiwa amekwisha kulipia. Aliyebadili bomba lililooza hulipa kiasi kile kile bila kosa. Serikali inapata mapato, mji haupati usingizi. Adhabu isiyomrekebisha mkosaji na isiyomlinda asiye na kosa ni adhabu ya namna gani?

Na kwa nini mkono wa sheria haufiki dukani? Kwa sababu kijana yuko njiani na anasimamishwa kwa filimbi, wakati duka lina leseni, lina mlipa kodi, na lina mwenyewe anayejua amwite nani kwa simu. Kumkamata kijana ni kazi ya dakika tano na inapigwa picha. Kumfuata mwingizaji kunahitaji nyaraka, vipimo na moyo wa kustahimili simu zitakazopigwa. Tumechagua kilicho rahisi, tukakiita utekelezaji wa sheria.

Wenzetu wamezijaribu njia zote mbili. Nchini India, zinakotengenezwa Bajaj na TVS tunazozipanda, polisi wa miji kadhaa wamekuwa wakizipanga sailensa walizozinyang'anya barabarani na kuzipitishia gari la kushindilia lami mbele ya kamera. Tamasha hilo hurudiwa mwaka baada ya mwaka, na kule kurudiwa kwake ndiko hukumu yake. Maadamu mabomba yangali yakiuzwa, kutakuwa na mengine ya kupondaponda. Nchi za Ulaya zilianzia penginepo. Chini ya kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 92, sailensa mbadala ya pikipiki hupimwa na kuidhinishwa kabla ya kuuzwa kwa matumizi ya barabarani, na alama ya idhini hugongwa juu ya chuma chake. Wahuni wa kelele hawajakwisha huko, lakini mwenye pikipiki kuukuu anayetaka bomba la halali anajua la kununua, na askari anajua pa kutazama.

Nadai mambo manne, na hakuna hata moja lililo nje ya uwezo wetu.

La kwanza, bomba la pikipiki lisilo na kizuia sauti lisiingie wala lisiuzwe kwa matumizi ya barabarani. Shirika la Viwango liweke kipimo kwa ekzosi mbadala, na ukaguzi uanzie forodhani na kwa wauzaji wa jumla.

La pili, sikio la askari liachishwe kazi. Kipimo cha pikipiki iliyosimama kinajulikana duniani: kifaa cha kupimia sauti huwekwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya digrii 45, injini ikiwa katika mzunguko uliowekwa. Kifaa kimoja kwa kila wilaya, Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, kingetosha kuanzia. Pasipo namba, pasiwe na faini.

La tatu, atakayekutwa amezidi kiwango kwa mara ya kwanza apewe hati ya kutengeneza ndani ya siku 14, bila kutozwa chochote. Akirudi na bomba lililopimwa, shauri limekwisha. Asiporudi, au akikutwa tena, ndipo faini imfuate, nayo iwe ya kuuma.

La nne, mafundi wetu wapewe elimu na heshima. VETA na SIDO wanaweza kuwafundisha wachomeleaji wa Sumbawanga kuunda sailensa ya kweli: yenye vyumba, yenye bomba la ndani lililotobolewa na kuzungushiwa sufi isiyoungua, yenye tundu dogo la kutolea maji ili isioze mapema. Wafundishwe pia kuifunga: gasketi mpya kwenye kichwa cha injini, mhimili imara kwenye fremu ili mtetemo usiipasue shingo ya bomba, kisha plagi isomwe na kabureta irekebishwe. Bomba la namna hiyo lingetengenezwa hapa, lingegongwa alama hapa, na fedha yake ingebaki hapa.

Mtu ataniambia kwamba hata maduka yakidhibitiwa, msumeno upo, na atakayetaka kukata atakata. Ni kweli. Wezi nao wapo, na hatujawahi kuzifuta kufuli kwa sababu hiyo. Anayekata kwa msumeno atakutana na kipimo. Wengi zaidi, wale wanaonunua kwa sababu kitu kimetundikwa mbele ya macho yao na kusifiwa, hawatanunua kisichokuwepo.

Kwa vijana wa vijiweni nina neno moja. Vyama vyenu vina viongozi na kanuni, msingoje kuamriwa. Pikipiki uliyoilipia kwa jasho la mwaka mzima inastahili bomba litakaloifanya idumu, na fahari yako ijionyeshe kwa chombo kinachopanda mlima wa Muze kikiwa na mzigo na kurudi salama.

Kwa viongozi nina swali, nami nawaomba wananchi walishike na kuliuliza siku msako mwingine utakapotangazwa. Watakapotusomea idadi ya pikipiki zilizokamatwa na jumla ya faini zilizokusanywa, tuwaulize: na mabomba hayo yaliuzwa na maduka mangapi, na ni mangapi kati ya hayo mmeyafikia?